Gari la umeme la mtumba nyanda za juu: likigoma, anza na soketi kabla ya kulaumu betri

Mara ya kwanza kuitwa kwenye gari la umeme, sikuitwa kwa ajili ya gari. Niliitwa mtaa wa Forest kubadilisha soketi iliyoyeyuka. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mbeya, na nilipofika nilikuta kebo nene imetoka kwenye soketi ile, ikapita dirishani hadi puani mwa Nissan Leaf. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa gereji kwamba betri imekufa, atafute nyingine. Betri ilikuwa nzima. Skrubu moja nyuma ya soketi ilikuwa imelegea.

Tangu siku hiyo nimeshika mengi ya aina hiyo, na baadaye nikanunua langu. Ninachoandika hapa ni mpangilio ninaoufuata mtu akinipigia simu. Karibu kila mtu huanzia kwenye betri kubwa kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayotisha. Mimi naanza na vitu vidogo, kwa kuwa ndivyo vinavyosumbua mara nyingi, na inaniuma kuona mtu anauza gari kwa hasara kwa ajili ya kitu cha shilingi elfu tano.

Nitazungumzia Leaf zaidi, maana ndiyo iliyojaa kwenye mitumba ya Japani. Ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja ya uniti 30, mwishoni mwa 2017 ya 40, na 2019 ya 62. Nikisema uniti namaanisha ileile unayonunua kwenye LUKU, yaani kilowati-saa moja.

Umechomeka, lakini halichaji

Tazama taa tatu ndogo za bluu zilizo juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Zikiwa zinapokezana kuwaka na chaji haiingii, gari halijaharibika. Linasubiri saa yake. Mwenye gari wa Japani alikuwa ameliwekea muda wa kuchaji, mara nyingi usiku ambapo umeme wa kwao ni nafuu, na muda huo umekuja nalo hadi hapa.

Kuna kijana wa Iyunga aliyenisumbua wiki nzima na gari lililokuwa likikata chaji kila siku saa saba usiku. Alishabadilisha soketi, akabadilisha na kebo. Nilipokaa ndani ya gari nikaona saa ya dashibodi iko mbele kwa masaa sita: bado ilikuwa inasoma saa ya Japani. Muda wa chaji ulikuwa umewekwa kuisha saa moja asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni saa saba usiku. Tulirekebisha saa, tukafuta muda, kazi ikaisha bila kufungua hata boneti. Karibu na usukani kuna kitufe chenye alama ya saa. Ukikibonyeza kabla ya kuchomeka, gari huchaji palepale bila kusubiri. Baadhi ya matoleo ya uniti 24 pia yana mpangilio wa kuishia asilimia 80 ili kutunza betri. Gari likikoma kwenye 80 kila siku bila kuzidi, tafuta mpangilio huo kwanza.

Taa za gari zisipowaka kabisa, na boksi dogo lililo kwenye kebo limewasha taa nyekundu, basi gari halina shida. Nyumba ndiyo yenye shida.

Taa nyekundu kwenye boksi la kebo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapocheza na uhai wao.

Boksi lile hupima ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kabla ya kuruhusu umeme kwenda kwenye gari. Nyumba zetu nyingi zina ethi ya jina: rodi fupi imepigwa nusu mita kwenye udongo mkavu chini ya upenu, au waya wa kijani umekunjwa ndani ya boksi la meni swichi bila kwenda popote. Friji na televisheni havikulalamika, kwa hiyo hakuna aliyejua. Gari ndilo la kwanza kusema.

Dalili ninayoiona sana huku kwetu ni hii: gari linachaji vizuri kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu ikifika Agosti linaanza kukataa. Udongo ukikauka, rodi fupi haishiki tena. Mwagia ndoo mbili za maji pale kwenye rodi, subiri kidogo, chomeka tena. Likikubali, umeshajua chanzo. Tiba ni rodi ndefu iliyozama vizuri, au rodi mbili zilizoachana na kuunganishwa, zikiwekwa mahali panapobaki na unyevu, kwa mfano karibu na bomba la maji machafu ya bafuni.

Sasa lile ambalo nakusihi usikubali. Wapo mafundi wanaounganisha ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) nyuma ya soketi ili boksi lidanganyike. Taa inageuka kijani, mteja analipa, fundi anaondoka. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo au kwenye meni swichi, bodi nzima ya gari inabeba umeme wa volti 230, na wa kwanza kuligusa ni mtoto anayepita kwenda shule. Nimefungua soketi mbili za namna hiyo. Fundi akikwambia "nitaifanyia ujanja", msimamishe hapohapo.

Kuna maboksi yanayokataa pia ikiwa waya wa moto na nyutro vimebadilishana nafasi kwenye soketi. Testa ya elfu chache inakuonyesha hilo kwa sekunde moja.

Linaanza kuchaji, kisha linakata. Au soketi inanuka

Kebo inayokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 200 na plagi yake si ya kwetu. Kinachofanyika ni kukata plagi ile na kufunga yetu ya pini tatu. Tatizo ni kwamba kebo hiyo inaruhusu gari kuvuta hadi ampea 15, wakati plagi yetu mwisho wake ni 13. Pasi huvuta umeme mwingi, lakini inajikata na kuwaka. Gari linavuta bila kupumzika kwa masaa sita au nane. Hiyo ndiyo iliyoyeyusha soketi ya Forest.

Fikiria mguso mbovu wenye ukinzani mdogo tu, sehemu mbili za kumi za omu. Kwa ampea 13 hapo panazaliwa joto la wati 34. Ni kama umeficha chuma cha kuchomea risasi ndani ya ukuta na kukiacha mpaka asubuhi. Kwa hiyo baada ya nusu saa ya kuchaji, nenda ushike plagi. Vuguvugu si neno. Ukishindwa kuishika ukahesabu hadi kumi, zima. Chomoa uangalie pini: kama moja imegeuka rangi ya kahawia, soketi ile haifai tena hata ukiikaza.

Ekstensheni ndiyo mbaya kuliko zote. Ile ya waya mwembamba wa milimita 1.5, urefu wa mita 30, inapoteza volti zaidi ya 9 njiani na kugeuza zaidi ya wati 100 kuwa joto. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Nimeona moja imeshikana kama ugali.

Tiba ya kudumu: nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti 230, yenye plagi ya pini tatu na uwezo wa kuchagua ampea 10 au 8. Kwa ampea 10 unapata kilowati 2.3, zinazotosha kujaza Leaf ya uniti 24 kwa usiku mmoja. Halafu mwambie fundi avute laini ya peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita 4 au 6, ikiwa na breka yake na breka inayokata umeme unapovuja. Ukiwa mwisho wa laini ya TANESCO na taa zinafifia saa moja jioni, usichaji saa hiyo. Chaji baada ya saa tano usiku, watu wakishalala na volti zikirudi juu.

Limeonyesha kilomita 110, limeishiwa kabla ya 70

Namba ile ya kilomita ni makisio. Gari linaangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita na kudhani utaendelea hivyohivyo. Kwenye nchi tambarare inasaidia. Kwetu inapotosha.

Chukua uwanja wa ndege wa Songwe. Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanja uko kwenye 1,350 hivi. Unashuka kwenda kumpokea mgeni, gari linakula kidogo, kilomita zinapanda badala ya kushuka, unafurahi. Kurudi unapandisha mita 350. Gari lenye watu wanne, uzito kilo 1,800, hutumia kama nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda, mbali na umeme wa mwendo wenyewe. Hapo ni karibu uniti mbili ambazo makisio hayakuzijua. Ukishuka tena unarudishiwa sehemu, si zote.

Kyela iko kama mita 500. Kutoka huko hadi Mbeya ni kupanda mita 1,200, na barabara yenyewe pale Isyonje inapita juu kuliko Mbeya kabla ya kushuka Uyole. Uniti sita na zaidi zinakwenda kwenye mlima peke yake. Mwenye betri iliyobaki na uniti 15 asijaribu kuunganisha safari hiyo. Alale Tukuyu akichaji. Wa Iringa wajue kwamba kwenda Mafinga ni kupanda na kurudi ni kushuka, kwa hiyo chaji iliyokutosha kurudi haitakutosha kwenda.

Nashauri ufiche namba ya kilomita na utazame asilimia. Andika kwenye daftari safari zako tano za kawaida: asilimia wakati wa kutoka, asilimia wakati wa kufika. Baada ya wiki mbili utakuwa na vipimo vya barabara zako mwenyewe.

Kabla ya kulaumu betri, piga upepo kwenye tairi na ushike rimu zote nne baada ya mwendo wa kilomita kumi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kalipa ya breki imekwama. Magari haya hutumia breki za kawaida kidogo sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, kwa hiyo kalipa hukaa bila kazi na kushika kutu, hasa baada ya masika.

Vijiti vyote 12 vipo, lakini gari halifiki popote

Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye Leaf kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza huondoka betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja asilimia 6 hivi. Kwa hiyo vijiti 9 ni betri yenye afya ya kama asilimia 70.

Vijiti hivyo vinatoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya betri, na kumbukumbu hiyo inaweza kufutwa. Muuzaji akiifuta, gari linaonyesha vijiti 12 kwa wiki kadhaa, hadi kompyuta ijifunze upya na vianze kuanguka.

Mama mmoja mfanyabiashara wa parachichi pale Mwanjelwa alinunua gari lake Dar es Salaam kupitia dalali. Aliniita jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hili gari, linaniaibisha. Nimeambiwa betri mpya kabisa, nimekwama Uyole mara mbili."

Vijiti vilikuwa 12. Nikamwambia alitumie hadi chaji ifike asilimia 20, kisha aniite kabla ya kuchomeka. Siku ya pili tukazima kila kitu ndani ya nyumba, friji na taa zote, tukabaki na kurunzi ya simu. Nikasoma uniti zilizobaki kwenye LUKU, nikaandika. Tukachomeka. Alfajiri nikarudi, gari limejaa asilimia 100, nikasoma tena. Zilikuwa zimekwenda uniti 11.5.

Hesabu yake ni hii. Kati ya umeme unaotoka ukutani, kama asilimia 13 hupotea kwenye chaja na waya. Kwa hiyo zidisha 11.5 kwa 0.87, unapata 10 zilizoingia kwenye betri. Hizo zimejaza asilimia 80, basi betri nzima ina uniti 12.5 zinazotumika. Leaf ya uniti 24 ikiwa mpya hutoa kama 21.5. Gawanya: afya ni asilimia 58. Kwa afya hiyo vijiti vilitakiwa kuwa kama saba tu. Mama alikaa kimya, akasema, "Kumbe LUKU yangu ndiyo shahidi." Baada ya mwezi mmoja na nusu vijiti vinne vilikuwa vimeshaondoka vyenyewe.

Alimfuata dalali na karatasi ya hesabu ile mkononi, akarudishiwa sehemu ya fedha. Gari analo bado: Uyole, Mwanjelwa, mjini, nyumbani. Kwa kazi hiyo linamtosha. Parachichi za Rungwe analetewa na Noah.

Vijiti huweza pia kukosea upande wa pili. Kwenye baadhi ya magari ya uniti 30, kompyuta ilikuwa inasoma betri kuwa imechoka kuliko ilivyo, na mwaka 2018 Nissan ilitoa programu ya kurekebisha. Ndiyo maana kipimo cha LUKU nakipenda. Hakihitaji kifaa, na hakitegemei kumbukumbu ya gari.

Mwenye uwezo anunue pia kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, na programu ya simu inayoitwa Leaf Spy. Inaonyesha afya ya betri kwa asilimia, idadi ya mara gari lilipochajiwa haraka, na volti ya kila seli. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotupeleka kwenye dalili inayofuata.

Chaji inaanguka ghafla mlimani

Una asilimia 30, unapandisha kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, mara gari linakosa nguvu, taa yenye picha ya kobe inawaka, asilimia zinaruka hadi 8. Ukifika tambarare na kusimama, zinapanda tena kidogo.

Hii sasa ni betri kubwa kweli, lakini mara nyingi si yote. Leaf ya uniti 24 ina seli zilizopangwa katika hatua 96 mfululizo, ndani ya moduli 48, yaani mafungu ya seli. Hatua moja ikichoka kuliko nyingine, mlimani mota inapovuta sana volti yake inaanguka, na kompyuta inalinda betri nzima kwa kumfuata huyo mmoja dhaifu. Fungua Leaf Spy ukiwa na chaji ndogo, mtu mwingine akiendesha, utazame tofauti kati ya seli yenye volti ya juu zaidi na yenye volti ya chini zaidi. Milivolti 20 au 30 ni kawaida. Zikipita 100, na kila mara namba ya seli ni ileile, umempata mgonjwa.

Moduli moja inaweza kubadilishwa, na inapaswa kufanana uwezo na wenzake. Mpya kabisa katikati ya zilizochoka haisaidii. Lakini kazi hii isifanyiwe uani. Betri hiyo ina uzito wa karibu kilo 300 na volti zinazokaribia 400 za umeme wa DC, ambao unaweza kuua. Waya zote za rangi ya chungwa ni zake. Anayezigusa lazima awe na glavu za volti 1,000, awe ametoa plagi ya usalama iliyo chini ya zulia nyuma, asubiri dakika kumi, kisha apime kabla ya kushika. Mimi ni fundi umeme, na kwenye moduli nampelekea aliyefundishwa.

Haliwaki, dashibodi imejaa taa za kila rangi

Usiogope wingi wa taa. Tafuta betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti. Ndiyo inayoamsha kompyuta zote na kuunganisha betri kubwa. Ikichoka, kila kompyuta inapiga kelele kivyake, na mtu asiyejua anadhani gari zima limekufa. Magari haya hukaa miezi melini na bandarini. Betri ndogo nyingi hufika hapa zikiwa zimeshaharibika.

Pima asubuhi kabla ya kufungua milango: volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri, chini ya 12 ni mbovu. Kisha washa gari hadi taa ya kijani ya kuwa tayari kuondoka (READY) iwake, pima tena. Ikipanda hadi 13 au 14, kifaa kinachoichaji kutoka betri kubwa kinafanya kazi, basi badilisha betri ndogo tu. Ikibaki 12 na kushuka taratibu, shida iko kwenye kifaa hicho. Betri inayofaa hupatikana kwenye maduka ya kawaida, ni saizi za magari madogo ya Kijapani. Beba ya zamani ulinganishe unene wa vichwa na upande wa chanya. Unaweza kuliamsha kwa waya za betri kutoka gari lingine, lakini wewe usikubali kuamsha Fuso la jirani kwa kutumia gari lako.

Asubuhi, ukiachia mguu halijishiki

Wakazi wa Iringa mjini wanaoshuka Ipogolo wananiuliza hili sana. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa asilimia 100 hakuna pa kuuweka, na ikiwa ya baridi haikubali kupokea mwingi. Juni na Julai asubuhi una vyote viwili. Hakuna kilichoharibika, ila umebaki na breki za kawaida peke yake, na unatakiwa ulijue hilo kabla ya kona ya kwanza. Mtu anayeishi juu na kuanza siku kwa mteremko achaji hadi 80 au 90. Betri nayo itaishi zaidi.

Baridi yetu ina faida pia. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto ndilo linaloiua. Gari lililokaa Makambako au Njombe litachoka polepole kuliko pacha wake wa pwani. Kinachokula chaji wakati wa baridi ni hita, hasa kwenye matoleo ya mwanzo. Kama viti vina joto lake, tumia hilo, uvae na sweta.

Mvumo unaoongezeka na mwendo ni beringi au tairi. Kwa kuwa mota haina kelele, utausikia mapema kuliko kwenye gari la petroli. Kugonga kwa mbele kwenye barabara ya vumbi ni bushi na boljointi kama gari lingine lolote. Na ukilikwangua tumbo kwenye tuta, lala chini utazame: kilicho pale ni betri.

LUKU inaisha kama maji

Ukiwa kwenye daraja la matumizi madogo, D1, bei nafuu ni ya uniti 75 za mwezi. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa siku linazimaliza kabla ya katikati ya mwezi, na ukizipita bei inapanda zaidi ya mara tatu. Piga hesabu yako kwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, tangu mwanzo, ambapo elfu kumi inakupa uniti kama 28. Kwa kilomita sita kwa uniti, hizo ni kilomita 160 na ushee.

Kabla hujatuma hela

Omba picha ya dashibodi gari likiwa READY, vijiti na kilomita vionekane pamoja, na picha ya Leaf Spy. Karatasi ya mnada wa Japani inaeleza bodi na viti, haisemi chochote cha maana kuhusu betri. Uliza kama kebo inakuja nayo. Kokotoa ushuru wa uchakavu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kufurahia bei ya gari la zamani, kwani la 2012 la bei rahisi ndilo lenye ushuru mkubwa na betri iliyochoka zaidi. Ukiuziwa la Kichina lililotumika, tazama tundu la kuchajia: la kwao ni tofauti na la Japani, na kebo ya rafiki yako haitaingia. Tundu kubwa la kuchaji haraka usilihesabu kwenye mipango yako. Pima kama usiku mmoja nyumbani unatosha siku yako.

Weka pia kwenye bajeti lori la kulileta kutoka Dar es Salaam. Halitakuja kwa magurudumu yake kama yale magari ya IT, yanayopita tu nchini kwenda nje kupitia Tunduma. Na siku likizima barabarani, mwambie wa brekidauni anyanyue magurudumu ya mbele. Yakivutwa yakizunguka, mota inazalisha umeme usio na pa kwenda, na hapo ndipo gari zima linaharibika kweli.